Tumbo Langu na Choo cha Baba Mkwe

Wanawake wa rika langu tunaongea mambo yote. Tunaongea waume, tunaongea uchungu wa kuzaa, na tukiwa wenyewe tunaongea hata ya kitandani. Lakini habari ya kwenda haja hakuna anayeifungua. Mtu atakwambia tumbo linamsumbua, akiishia hapo hapo, na wewe utasema pole, basi. Mimi nimezeeka, aibu nyingi zimeshanitoka zenyewe, kwa hiyo nitaandika. Shule yangu ni ya darasa la nne, tena lenyewe sikulimaliza kwa sababu ya kulea wadogo zangu, na anayesoma avumilie maneno yangu yanavyozunguka.

Nilizaliwa kwenye moja ya zile rasi zinazoingia ziwani upande wa Musoma. Baba yangu alikuwa mvuvi, mama analima mihogo. Kwetu kulikuwa na mawe, mawe makubwa kuliko nyumba, yamepangana mpaka majini, na kila mtu alikuwa na upande wake. Wanaume upande wa mitumbwi, wanawake upande wa mafunjo. Mtoto ukipotea njia ukaenda upande usio wako unafukuzwa kwa kicheko. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali pa kujisaidia ni kitu cha kufikiriwa. Kilikuwepo tu, kama hewa.

Nikaolewa upande wa Bunda, kwa wafugaji na wakulima wa pamba. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu hawakukaa kwa baba hata wakazoea zizi. Kaka yangu alikuwa anasubiri kuoa, wakaswagwa hao hao wakaenda kwa kina wifi yangu. Nalisema hili mapema ili ueleweke uzito wa mambo. Mimi nikirudishwa nyumbani, ng'ombe wanadaiwa, na wakidaiwa ndoa ya kaka yangu inavunjika, kwa sababu hao ng'ombe ndio wifi yangu mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwaga nimebeba ndoa mbili kwenye mwili mmoja.

Sasa kwa kina mume wangu, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana sana. Hutaji jina lake, huli mbele yake, akikaa mahali unazunguka usipite karibu na miguu yake. Na hamchangii choo. Choo alichoingia baba mkwe, mkamwana haingii, hata mvua ikinyesha ya mawe, hata mzee akiwa amesafiri mwezi mzima. Kwetu nako heshima hiyo ilikuwepo, ila kwetu kulikuwa na mawe, haikuwahi kuniuma.

Wakati wa kuhamia vijijini viongozi walipita mji kwa mji, maana huko boma la mtu mmoja na watoto wake ndio mji, wakasema kila mji uwe na choo cha shimo. Baba mkwe alikuwa mtu wa kutii serikali. Akachimba shimo refu, akaweka magogo ya mti mgumu, akajenga ukuta wa udongo, akatia mlango wa bati, na hilo bati lilikuwa la kwanza pale mjini, hata nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya nyasi. Wageni walikuwa wanaletwa kukitazama. Kiongozi wa afya akaja, akachungulia, akachora alama ya chaki mlangoni, mambo yakaisha. Mji una choo. Hakuna aliyeuliza nani na nani wanakiingia.

Mama mkwe alikuwa anaingia, maana ni mke wake. Mume wangu na wadogo zake walikuwa wanaingia. Wakamwana wengine walikuwa na miji yao mbali, kwa hiyo pale wa kukosa choo nilikuwa mimi peke yangu. Mimi choo changu kilikuwa pamba.

Pamba ikiwa juu ni pazuri kabisa. Unachukua jembe begani kama mtu anayekwenda kupalilia, unaingia katikati ya mistari, nani atajua. Lakini pamba haisimami mwaka mzima. Ikishavunwa sheria inataka miti yake ing'olewe yote ichomwe, kwa sababu ya wadudu, na afisa wa kilimo alikuwa anapita kukagua. Mzee naye, nimeshasema, ni mtu wa kutii serikali. Ikifika kiangazi shamba linabaki jeupe, jivu na udongo, ukisimama mlangoni unamwona kunguru anatembea kule mwisho. Vichaka vilikuwa vimeshafyekwa kupanua hayo mashamba. Na mzee alikuwa na kigoda chake pale kwenye zizi, uso umeelekea shambani, anaangalia ng'ombe kutwa nzima. Ungetokea na jembe lako wakati shamba halina kitu cha kulima, angejua mara moja.

Nikajifunza kubana. Nilikuwa naamka kabla watu hawajaamka, natoka, na kama tumbo saa hiyo halikutaka, basi, mpaka giza liingie. Nikaacha kunywa maji mchana. Nikaacha uji. Ukitaka kujua, tumbo ni kama ng'ombe wa kukamua: lina saa yake, ukilikatalia saa yake mara nyingi linaacha kukuita.

Na miaka yenyewe ilikuwa ile ya shida. Vita vilikuwa vimekwisha na vitu vimekwisha navyo. Sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi unaipangia foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha, chukua viberiti. Kanga yangu ya harusi niliifua kwa majani ya mpapai mpaka maua yake yakafutika. Sehemu zenye njaa zikaletewa unga wa njano kutoka nje, na watu wakausema kila ubaya. Kwamba unafunga kizazi, kwamba ni chakula cha farasi. Mama mkwe alikuwa anaupika huku anautukana. Mume wangu alikuwa kibarua jineri, kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda mjini, anakuja siku moja moja amejaa pamba kwenye nywele kama mzee.

Sasa niseme tumbo langu lilivyokuwa, maana hapo ndipo kesi ilipozaliwa.

Siku za mwanzo baada ya damu kukauka nilikuwa mtu. Nakula, nalala. Mwezi ukishapita nusu tumbo linaanza kuwa zito. Choo kinafunga kabisa, hata nikiamka hiyo alfajiri yangu hakuna kitu. Linajaa upepo, linavimba, matiti yanauma, chakula nakiona kama adui. Kanga naifunga juu ya kitovu. Halafu damu ikija, siku hiyo hiyo, tumbo linafunguka lote kwa pamoja, linakata, nahara mpaka miguu inatetemeka. Baada ya siku chache limelala. Kila mwezi hivyo hivyo.

Mama mkwe alikuwa ameshaniangalia tangu niolewe akisubiri mjukuu. Akiliona tumbo limetoka, matiti yamejaa, chakula nakisukuma, anafurahi. Hakuniuliza, maana si adabu kuuliza. Ananiwekea maziwa mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe, ananinyang'anya ndoo ya maji kichwani anampa binti mwingine. Anakwenda kwa jirani kuazima kitu na huko anaacha maneno. Halafu damu inaingia, nahara, tumbo linalala, yeye anabaki na maziwa yake. Mara ya kwanza alininunia. Mara nyingine akanihurumia, akadhani mimba zinatoka zenyewe. Lakini ilipojirudia na kujirudia, akaanza kunitazama kwa jicho lingine.

Mimi sikujua anawaza nini. Nilidhani anachukia kwa kuwa sizai.

Nilikuwa na shangazi Butiama, dada yake baba, ameolewa huko. Nikaenda kumjulia hali na tumbo langu limevimba. Akanibonyeza akasema, hili ni chango la kike, mwanangu, chango limekushika utumbo. Akanichimbia mizizi, akanifungia kwenye kipande cha gunia, akaniambia nichemshe ninywe tumbo litafunguka. Mizizi ile ni ya kweli, inafungua. Nikarudi nayo Bunda nikaificha kwenye paa la jiko, kwa sababu naona aibu kusema ninatafuta dawa ya choo.

Lakini kule kwa kina mume wangu mizizi hiyo hiyo ndiyo wasichana wanaipika kali wakitaka kutoa mimba.

Mama mkwe aliikuta siku anatafuta mwiko. Nilikuwa uani napepeta mahindi, nikamwona amekuja ameshika kile kifurushi kwa vidole viwili.

"Hii ni nini, mkamwana?"

"Mizizi, mama."

"Naona ni mizizi, sikudhani ni dagaa. Ya nini?"

"Ya tumbo."

"Tumbo lipi? La ugali au la mtoto?"

Nikanyamaza. Sikuelewa swali, kweli kabisa, na yeye akaona kunyamaza kwangu ndiyo jibu.

"Kila mwezi nakuwekea maziwa," akasema. "Kila mwezi unavimba mbele ya macho yangu, kila mwezi unahara, damu inatoka. Nikasema labda ni Mungu. Kumbe Mungu mwenyewe amelala kwenye paa la jiko langu."

Nikaelewa. Nikamwambia hapana, mama, ni chango, nimepewa na shangazi. Akasema huyo shangazi tutamwita naye. Jioni akamwambia mzee. Mzee hakusema na mimi, hawezi kusema na mimi jambo kama hilo, lakini nilisikia ametuma mtu Musoma kwa baba yangu: njooni mjadiliane na sisi, binti yenu anatumalizia uzao.

Mume wangu alikuja kutoka jineri akakaa ukingoni mwa kitanda. Akaniuliza, "Ni kweli?" Nikasema si kweli. Akasema, "Mimi nakuamini, ila mama amekuona." Hapo ndipo alipofikia. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtoto wa mama yake.

Mama mkwe akatoa amri. Mpaka wazee wangu wafike, yeye atalala chumba changu na kushinda na mimi. Anataka anikamate na kikombe mkononi. Akahamisha ngozi yake ya kulalia akaja, mume wangu akarudi zake Bunda. Nikapika, yupo. Nikateka maji, yupo nyuma yangu. Nikinywa, anaomba aonje kwanza. Nilikonda kwa hofu. Na hofu ile ikashuka yote tumboni, nikawa nasikia linaunguruma mpaka yeye aliyekaa upande wa pili anageuka kutazama.

Ukikaa na mtu kutwa nzima, hata kama umekuja kumlinda kama mwizi, unachoka kuwa askari. Siku ya pili, ya tatu, tukawa tunachambua mahindi pamoja. Yeye anabeua. Anabeua tena, anashika kifua.

"Huu unga wa wazungu utaniua," akasema.

"Pole, mama."

"Unanijaa hapa, unapanda kama moto. Usiku joto linanishika nalowa jasho, na kiangazi hiki hakina mvua ya kumlowesha mtu. Tangu mavuno yale mengine, tumbo langu si langu."

"Na hedhi, mama?" Sijui nilipata wapi ujasiri.

Akanitazama. Halafu akasema polepole, "Imekata. Tangu hayo hayo mavuno." Akarudi kwenye mahindi yake. "Usinitolee macho. Ikikata inakata."

Lakini alikuwa ameshaanza kufikiri, nilimwona. Mwezi wangu ulikuwa umepita nusu. Asubuhi moja akanishika tumbo kwa kiganja, akaniambia nilale chali. Likawa limelala. Jioni akanishika tena, likawa gumu kama ngoma. Akagonga kwa kidole, likatoa mlio wa ngoma kweli.

"Mimba haipandi asubuhi ikafika jioni," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

"Nakwambia, mama."

"Nyamaza nifikiri. Leo umekwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Kwenda."

Nikatazama chini. "Hapana."

"Jana?"

"Hapana."

"Juzi nilikuwa na wewe, hukwenda. Wewe mtu gani huendi? Kwa nini huendi?"

"Niende wapi, mama?"

Akasimama mlangoni. Mbele yake kuna choo cha mzee na mlango wake wa bati. Kule lipo shamba, jivu tupu, kunguru wawili. Katikati mzee yuko kwenye kigoda chake. Mama mkwe alikaa pale mlangoni muda mrefu, ananihesabia kichwani kwake siku zangu zote tangu nimeingia pale.

"Wakati wetu kulikuwa na vichaka," akasema. "Unatoka nyuma ya nyumba tu, uko porini. Mimi sikuwahi..." Akaacha. Baadaye akasema, "Hata sikuona kwamba vimekwisha."

Ningependa kusema kwamba hapo akaniombea na kesi ikafutika, lakini haikuwa hivyo. Wazee walikuwa wameshaitwa na mizizi imeshaonekana, na mwanamke hawezi kusimama mbele ya wazee akasema mkamwana wangu amefunga choo. Wangesema nimemroga. Akasema ni lazima tupate neno la hospitali. Akamwomba mzee ruhusa tukapimwe, mzee akakubali kwa sababu alidhani tunakwenda kuhakikisha ubaya wangu.

Tukapanda lori la pamba mpaka Musoma, tumekaa juu ya marobota, yeye amejifunga kichwa anatapika upepo njia nzima. Tukafikia kwa kaka yangu, mtaa wa Kamunyonge. Wifi yangu akatupokea, akatupikia sato, lakini mwenyewe hakukaa kula nasi. Alishajua tunachofuata. Yule wifi hakunilaumu hata kwa jicho. Alinivutia uani akaniambia, "Useme kila kitu huko, usione aibu. Usinionee aibu mimi."

Hospitali foleni ilikuwa ndefu kuliko ya chumvi. Nesi aliyetuingiza alikuwa mama wa makamo, amevaa viatu vilivyotoboka vidole. Akatwambia tangu mlangoni kwamba dawa hana, rafu zote ni tupu, lakini maneno anayo. Mama mkwe akatangulia kusema. Akataja mizizi, akataja mimba zinazotoka kila mwezi.

"Kila mwezi?" nesi akauliza. "Mimba kila mwezi, anatoa kila mwezi, na amekuja hapa anatembea? Huyo angekuwa ameshazikwa, mama."

Akanigeukia, akaniuliza lini linavimba, lini linafunguka, choo kinapatikana lini. Nikamkumbuka wifi yangu, nikasema yote, na mama mkwe ameketi pale pale anasikia. Nikafika kwenye pamba na kigoda. Nesi hakucheka. Alikuwa mtu wa Mara huyo, alijua habari ya wakwe.

Akatuelezea hivi, nami naeleza nilivyoelewa. Katika damu ya mwanamke kuna vichocheo, vinapanda na kushuka mwezi mzima. Baada ya nusu ya mwezi kimoja kinapanda kuutuliza mfuko wa uzazi, ili kama kuna mtoto akae. Sasa utumbo ni jirani wa karibu wa huo mfuko, nao unatulizwa. Unakuwa mvivu, chakula kinakaa humo kinatoa upepo, ndiyo unavimba. Mtoto akiwa hayupo, kile kichocheo kinashuka, na mwili unatoa kitu kingine cha kuubana mfuko utoe damu. Jirani naye anabanwa, ndiyo unahara. "Wanawake wengi wanapata hivyo kidogo kidogo," akasema, "ila huyu utumbo wake ukishakuwa mvivu anaubania tena kwa nguvu siku nzima, na maji hanywi. Lazima uwe mara mbili."

"Na hofu je?" mama mkwe akauliza. Hilo nalikumbuka, maana sikutegemea.

"Ukikutana na mbwa mkali njiani tumbo linafanyaje, mama?"

"Linakata."

"Sasa huyu anakutana na mbwa kila siku."

Mama mkwe akajiinua kidogo. "Mbwa huyo ni mimi?"

"Sijui kwenu, mama. Nauliza tu."

Akajishusha tena. Akavuta kanga yake, akasema, "Na mtu mwingine, tuseme jirani, damu yake imekata, naye tumbo linajaa, kifua kinawaka moto. Huyo naye vichocheo?"

"Huyo jirani ana umri wa mama?"

"Anakaribia."

Nesi ndipo alipotabasamu. Akasema vichocheo vikiondoka mwilini tumbo nalo linatafuta upya namna ya kwenda, na jirani huyo asiulaumu unga wote wa njano. Ale mapapai na mboga za majani, asilale akiwa ameshiba, atembee. Na mimi ninywe maji na nisibane. "Nisipobana niende wapi?" nikauliza, na nesi akamtazama mama mkwe.

Siku ya kikao baba yangu alikuja na kaka. Wanaume wakakaa kwenye zizi, mimi nikawekwa nyuma ya ukuta wa jiko ambapo nasikia bila kuonekana. Tumbo lilikuwa linanikata, damu imeingia asubuhi hiyo hiyo, na nilikuwa nimebana tangu jana yake, nimeshika ukuta. Nikamsikia mzee anaeleza. Maziwa, kuvimba, mizizi. Akasema hana chuki na ukoo wetu, lakini binti arudi na ng'ombe warudi. Nikamsikia kaka yangu anakohoa. 

Ndipo mama mkwe akaomba neno. Mzee mmoja akasema mambo haya ni ya wanaume. Akajibu, "Tumbo ni la mwanamke, na mizizi niliikuta mimi. Nani mwingine wa kusema?"

Akasema amelala na mimi, amekula na mimi, hajaona dawa, na tumbo limevimba bila dawa. Akasema nesi wa Musoma ametwambia. Halafu akafika mahali pagumu, sauti ikashuka. "Mtoto huyu hana choo. Tangu aje hana. Choo ni cha baba mkwe wake, shamba tumelichoma. Anakaa na haja yake tumboni tangu jua linatoka mpaka linazama. Sisi tulikuwa tunaona mimba."

Kutaja haja ya mkamwana mbele ya baba mkwe! Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mzee hakusogea.

Baba yangu ndiye aliyefungua mdomo, na alifungua kama mvuvi, bila kuzunguka. "Wewe mkwe wangu, unajisaidia wapi?"

"Choo ninacho," mzee akasema, kwa ukali. "Kila mtu anakijua."

"Mimi naenda kwenye mawe. Baba yangu alikwenda kwenye mawe. Cha shimo tulipolazimishwa kuchimba nikawaachia wanawake, mimi mwanamume nitaonekana na nani?"

"Mwenye mji aende porini?"

"Una pori gani wewe? Umelichoma lote."

Mtu akacheka, mwingine akakohoa kuficha. Na wazee wakaanza, kila mmoja, kusema yeye anakwenda wapi, na mkamwana wake je, na mmoja akasema hajui mkamwana wake anakwenda wapi, hajawahi kufikiri. Mwingine akasema wa kwake anakwenda kwa jirani na jirani amelalamika. Walisahau ng'ombe kabisa. Mimi nyuma ya ukuta sikuweza tena kusubiri. Nilitoka nikapita kule shambani kwenye jivu, mbele ya macho yao wote, nikaenda mwisho kabisa nikachuchumaa, na baadaye kaka yangu aliniambia kwamba mzee alipoona nimetoka alikigeuza kigoda chake, na wengine wote wakageuka naye, wakaangalia zizi mpaka niliporudi.

Alichosema baada ya hapo nilisimuliwa. Alisema, "Ng'ombe wakae huko waliko." Na kwa mume wangu, bila kumtazama, "Chimba. Kesho." Basi.

Mume wangu alichimba nyuma ya jiko. Mbao hazikuwepo kwenye duka lolote, akafunika kwa mlango wa zamani wa ghala, ukawa unalia ukiukanyaga. Ukuta ulikuwa wa mabua. Nilivyoingia mle mara ya kwanza nilikaa tu, hata haja yenyewe ilikuwa haijafika.

Tumbo halikupona kama taa inavyowashwa. Liliendelea kuvimba kila mwezi na kulegea kila mwezi, ila kidogo, likawa tumbo la mtu. Kilichopona ni ile hofu. Mama mkwe akawa ananipikia mlenda na kuninyenyekea kwa mapapai, na mengine anakula yeye, anasema anamwonjea jirani yake.

Kisha sabuni zikarudi madukani, na mitumba ikaanza kumwagwa chini pale Mukendo, mtaa wa Musoma mjini, unachagua blauzi ya mtu wa Ulaya kwa bei ya kuku, na biashara ikawa ruksa kila kona. Ni katika miezi hiyo damu yangu haikuja. Tumbo likaanza kutoka. Nikamwambia mama mkwe. Akanishika kwa kiganja chake kama alivyonizoea, akagonga kwa kidole, akasikiliza.

"Upepo," akasema. "Kunywa maji."

Nikamwambia mwezi wa pili, akasema upepo. Nilipomwambia wa tatu akasema mambo yale ya nesi, vichocheo, tulia. Majirani wakamuuliza, akawakatalia kwa nguvu, eti mkamwana wangu ana tumbo lake tangu zamani, mwacheni. Maziwa hakuniwekea hata tone. Mpaka siku moja tunachambua choroko, nimenyoosha miguu, akaona kanga yangu imeruka yenyewe upande mmoja. Akaachia ungo. Akaweka kiganja. Kikapigwa teke.

Alikaa pale mkono wake ukiwa juu yangu, choroko zimemwagika, na mimi sikumwambia auondoe.